Kipeuo kwa Kamba na Bikari

Katika vijiji vingi vya Tanzania, mtu anayekodi shamba la ekari moja hamwiti mpimaji. Yeye na mwenye shamba wanatembea pamoja hatua sabini upande mmoja, wanakata kona, wanatembea sabini nyingine, wanasimika vijiti, kisha bei inazungumzwa. Sabini kwa sabini: wakulima wa mpunga wanakijua kipimo hicho, wa mahindi wanakijua, na wa ufuta pia. Ni wachache wanaouliza sabini hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka kwenye kipeuo cha pili.

Ekari ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza, na kwao haikuanza kama mraba. Ilikuwa ukanda mwembamba wenye upana wa yadi 22 na urefu wa yadi 220, umbo lililomfaa mkulima wa plau na maksai, kwa sababu kuwageuza wanyama mwisho wa mfuo ni kazi, na mfuo ukiwa mrefu wanageuzwa mara chache. Mnamo mwaka 1620 mwanahisabati Edmund Gunter alitengeneza mnyororo wa kupimia ardhi wenye urefu huohuo wa yadi 22, na ekari ikawa ni mnyororo mmoja kwa minyororo kumi. Ukizidisha unapata yadi za mraba 4,840. Anayetaka eneo hilo liwe mraba anatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 4,840. Namba hiyo ni 69.57. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja, na 69.57 ikikadiriwa inakuwa 70.

Jambo hili lina fedha ndani yake. Wapo wanaotaja mita sabini kwa sabini, wakidhani ni kitu kilekile. Mraba wa mita 70 una mita za mraba 4,900, ilhali ekari ina mita za mraba 4,047 tu, na upande wake ukipimwa kwa mita ni 63.6. Mwenye shamba anayepima kwa mita sabini ametoa mita za mraba zaidi ya 850 bila malipo, karibu sehemu ya tano ya ekari nzima.

Mwanafunzi wa leo akiulizwa kipeuo cha pili cha 4,840 atatoa simu. Mzazi wake alifungua kitabu cha majedwali ya tarakimu nne. Wote wawili wanaanza na namba na kumaliza na namba, na hapo katikati hakuna wanachokiona. Lakini swali lenyewe, la kugeuza ukanda kuwa mraba bila kupoteza hata unyayo wa ardhi, ni swali la umbo, na lilipata jibu la umbo miaka zaidi ya 2,300 iliyopita katika mji wa Aleksandria, Misri. Euclid, aliyefundisha huko mnamo mwaka 300 KK, alilitumia kufungia kitabu cha pili kati ya vitabu 13 vya kazi yake kuu ya jiometri. Ni hoja ya 14 na ya mwisho katika kitabu hicho. Zana alizoruhusu ni mbili: rula isiyo na alama, na bikari.

Tuseme kinachotafutwa ni kipeuo cha pili cha 7. Mchoraji anachora mstari wa sentimita 7, kutoka A hadi B, kisha anauendeleza kwa sentimita 1 zaidi hadi C. Mstari mzima sasa ni sentimita 8. Anatafuta katikati yake, sentimita 4 kutoka kila ncha, anapaita O. Anachomeka ncha ya bikari pale O, anaifungua hadi A, na kuchora nusuduara juu ya mstari mzima. Mwisho anarudi kwenye B, pale vipande viwili vilipoungana, na kusimamisha mstari wima mpaka uguse nusuduara. Mahali unapogusa panaitwa D. Kimo hicho, kutoka B hadi D, ndicho kipeuo cha pili cha 7. Rula yenye alama ikisogezwa itasoma milimita 26 na karibu nusu, na kikokotoo kitasema 2.6458.

Kwa nini? Ukiunganisha O na D unapata pembetatu yenye pembemraba pale B. Upande wake mrefu, OD, ni nusu ya kipenyo, yaani 4. Upande wa OB ni 3, kwa kuwa O iko kwenye 4 na B iko kwenye 7. Kanuni ya Pythagoras inasema 4 mara 4 toa 3 mara 3 ndiyo mraba wa upande uliobaki. Kumi na sita toa tisa ni saba. Basi BD ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 7.

Hiyo ndiyo njia ya Euclid katika kitabu cha pili. Katika kitabu cha sita, hoja ya 13, alilirudia jambo hilo kwa njia nyingine ambayo inastahili kukaliwa zaidi. Pembe yoyote inayochorwa ndani ya nusuduara, miguu yake ikikanyaga ncha mbili za kipenyo, ni pembemraba. Kwa hiyo pembetatu kubwa ADC ina pembemraba pale D, na mstari wima DB unaigawa kuwa pembetatu mbili ndogo zenye umbo moja, ingawa moja ni kubwa na nyingine ni ndogo. Katika pembetatu zenye umbo moja, pande huongezeka kwa kiwango kilekile. Hivyo AB ikilinganishwa na BD inatoa uwiano uleule wa BD ikilinganishwa na BC. Zidisha mkingamo: BD mara BD ni sawa na AB mara BC.

Maelezo ya kwanza yanathibitisha. Haya ya pili yanafungua mlango, kwa sababu ndani yake hakuna kinacholazimisha kipande kimoja kiwe 1. Urefu wowote na upana wowote wa mstatili ukiunganishwa kwenye mstari mmoja, kimo kinachosimama pale vilipoungana ni upande wa mraba wenye eneo lilelile. Kipeuo cha 7 ni mfano mmoja tu, ule wa mstatili wa 7 kwa 1.

Basi ekari ya Waingereza inaweza kuchorwa kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini. Milimita moja ikisimama badala ya yadi moja, mstari wa milimita 220 unaendelezwa kwa milimita 22, jumla 242, na unaenea vizuri kwenye upande mrefu wa karatasi ya A4 wenye milimita 297. Nusuduara yake ina nusukipenyo cha milimita 121. Mstari wima unaosimamishwa pale 220 ilipokutana na 22 utakuwa na kimo cha milimita 69 na nusu. Sabini ya wakulima inaonekana kwa macho, na hakuna aliyezidisha wala kugawanya chochote.

Uwanjani bikari ni kamba na mambo mbili, yaani vigingi. Mtu mwenye eneo la bustani la mita 9 kwa 16 anayetaka bustani ya mraba yenye ukubwa huohuo anavuta kamba ya mita 25 chini, anatia mambo kwenye mita 12 na nusu, na kuzungusha kamba ya urefu huo wa mita 12 na nusu. Kwenye mita 16 anahitaji kusimamisha pembemraba, na hapo fundi mwashi yeyote anajua la kufanya: mita tatu upande huu, nne upande ule, na kamba ya kuunganisha ikisoma tano kamili, kona imekaa. Kamba itakatana na duara kwenye mita 12. Kumi na mbili kwa kumi na mbili ni 144, sawasawa na tisa kwa kumi na sita.

Kuna siri moja ya usahihi ambayo vitabu vya shule huipita haraka, na ni hasara, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha mchoro mzuri na mbaya. Chukua kipeuo cha 12. Njia ya kawaida ni kuweka 12 na 1 kwenye mstari. Tatizo ni kwamba kipande cha 1 kiko pembeni kabisa mwa nusuduara, mahali ambapo ukingo wake unapanda kwa kasi. Mchoraji akikosea nukta ya kusimamishia mstari kwa milimita moja, kimo kinakosewa kwa zaidi ya milimita moja na nusu. Lakini 12 ni 4 mara 3 pia. Weka 4 na 3: nukta ya muungano inakuwa karibu na katikati, chini ya kilele cha nusuduara ambapo ukingo umelala. Kosa lilelile la milimita moja sasa linabadilisha kimo kwa takribani sehemu ya saba ya milimita, jambo ambalo penseli haiwezi hata kulionyesha. Jibu ni lilelile, 3.46, lakini mchoro wa pili unasamehe. Kwa hiyo mchoraji makini kwanza huitafutia namba yake vizidishi viwili vinavyokaribiana.

Kilele hicho kinasema na jambo jingine. Kimo hakiwezi kuzidi nusukipenyo, na kinalingana nacho pale tu vipande viwili vinapokuwa sawa. Nusukipenyo ni nusu ya jumla ya urefu na upana; kimo ni upande wa mraba. Yaani kati ya mashamba yote ya mstatili yenye eneo moja, la mraba ndilo lenye mzunguko mfupi kuliko yote. Ekari ya ukanda, 22 kwa 220, inahitaji uzio wa yadi 484. Ekari ya mraba inahitaji kama yadi 278. Tofauti ni yadi 206 za waya na nguzo zake, na mwenye kununua waya ataielewa nadharia hii mapema kuliko mwanafunzi.

Nchini Kenya kiwanja kinachotangazwa zaidi ni cha futi 50 kwa 100. Mraba wenye eneo hilo una upande wa futi 70.7, na kuupata hakuhitaji hata nusuduara. Inatosha kupima mraba wa futi 50 kwa 50 na kuvuta kamba kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Ulalo huo ndio upande unaotafutwa. Mraba unaojengwa juu ya ulalo wa mraba mwingine huwa na eneo mara mbili, na 50 kwa 100 ni miraba miwili ya 50 iliyolala ubavu kwa ubavu.

Ukweli huu wa ulalo ni wa kale mno. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kumehifadhiwa kibao cha udongo kinachoenea kiganjani, kilichoandikwa kusini mwa Iraki ya leo kati ya miaka ya 1800 na 1600 KK. Kimechorwa mraba na ulalo zake mbili. Pembeni mwa mraba pameandikwa 30, na juu ya ulalo pameandikwa namba nne kwa mfumo wa Wababeli wa kuhesabu kwa sitini: 1, 24, 51, 10. Ukizigeuza kuwa desimali unapata 1.414213 kwa kukadiria; kipeuo cha pili cha 2 ni 1.414214 kwa kukadiria hivyohivyo. Tofauti halisi haifikii sehemu moja ya milioni. Chini yake pana 42, 25, 35, ambayo ni ulalo wa mraba wenye upande wa 30. Aliyekiandika alijua kwamba ulalo wa mraba wowote hupatikana kwa kuzidisha upande kwa namba moja ileile, na namba hiyo alikuwa nayo.

India ya kale nayo ilikuwa na makuhani waliojenga madhabahu za matofali kwa masharti makali: umbo lingeweza kubadilika, eneo lisibadilike. Miongozo yao, wa kale kuliko yote ukiwa ule wa Baudhayana, inafundisha kazi hiyo kwa kamba na mambo. Kugeuza mstatili kuwa mraba, walikata kipande cha ziada, wakakigawa nusu kwa nusu, wakabandika nusu moja ubavuni mwa mraba uliobaki, na kupata mraba mkubwa uliopungukiwa na mraba mdogo kwenye kona. Kisha kamba ikavutwa kwa kanuni ya pembetatu kuondoa mraba mdogo ndani ya mkubwa. Ni ileile hesabu ya kumi na sita toa tisa. Kwa ulalo wa mraba walitoa pia sehemu: 577 kwa 408, inayokosea kwenye tarakimu ya sita baada ya nukta.

Halafu kuna mwanafalsafa Mgiriki Socrates. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, Socrates anamwita kijana mtumwa wa nyumba ya Meno, ambaye hakuwahi kufundishwa jiometri, na kumchorea mraba wenye upande wa futi 2. Anamtaka atafute mraba wenye eneo mara mbili. Kijana anajibu haraka: upande uwe futi 4. Wanachora, na eneo linatoka 16 badala ya 8. Anajaribu 3, linatoka 9. Hapo anakiri kwamba hajui. Socrates anaendelea kuuliza tu, mpaka kijana anaonyesha ulalo kwa kidole chake mwenyewe. Plato alikuwa na hoja yake ya kifalsafa kuhusu roho na kumbukumbu, lakini mwalimu wa hisabati anaona jambo la karibu zaidi: kijana yule hakuwa na namba ya kutaja kama jibu, kwa sababu hakuna namba nzima wala sehemu iliyofaa. Alichokuwa nacho ni mstari. Na mstari ulikuwa jibu kamili.

Kwamba hakuna sehemu inayofaa, hilo linathibitika kwa mistari michache. Tuseme kipeuo cha pili cha 2 ni sehemu iliyofupishwa kabisa, namba ya juu na ya chini zikiwa hazina kizidishi cha pamoja. Mraba wa namba ya juu basi ni mara mbili ya mraba wa namba ya chini, kwa hiyo ni shufwa. Na kama mraba ni shufwa, namba yenyewe ni shufwa. Lakini namba ya juu ikiwa shufwa, mraba wake unagawanyika kwa 4, na hilo linalazimisha mraba wa namba ya chini uwe shufwa, na namba ya chini vilevile. Zote mbili ni shufwa, kumbe sehemu haikuwa imefupishwa. Dhana inajivunja yenyewe. Ndiyo maana kikokotoo kinapoandika 1.41421356 kinakuwa kimesimama njiani. Tarakimu haziishi na hazijirudii kwa mpango. Ulalo wa mraba hausimami njiani. Una mwanzo, una mwisho, na unakatwa kwa wembe ukitaka.

Kila ofisi ya Afrika Mashariki ina kipeuo hiki kwenye rafu. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, na 297 ukiigawa kwa 210 unapata 1.414. Vipimo hivyo vilipangwa kwa makusudi, kuanzia Ujerumani mwaka 1922, ili karatasi ikikatwa katikati kila nusu ibaki na umbo la karatasi nzima. A3 inazaa A4 mbili, A4 inazaa A5 mbili. Hakuna uwiano mwingine wa pande unaoweza kufanya hivyo isipokuwa kipeuo cha pili cha 2. Kuhakikisha ni kazi ya nusu dakika. Kunja kona ya karatasi ili upande mfupi ulale juu ya mrefu, na mkunjo utakuwa ulalo wa mraba wa milimita 210. Chukua karatasi ya pili, uweke upande wake mrefu juu ya mkunjo huo. Vinalingana.

Baada ya 2 zinakuja 3, 5, 6, 7 na nyingine. Mwalimu wa hisabati Theodorus, wa mji wa Cyrene karibu na pwani ya Libya ya leo, anatajwa na Plato kuwa alithibitisha moja baada ya nyingine kwamba vipeuo vya 3, 5 na kuendelea haviandikiki kama sehemu, akaruka 4, 9 na 16 zenye vipeuo vizima, akafika 17 na kuishia hapo. Plato hakueleza kwa nini 17. Wanahisabati wa baadaye walikisia sababu kwa kutumia mchoro ambao sasa unabeba jina la Theodorus, na mchoro huo ni mzuri hata kama kisio hilo si sahihi.

Unaanza na pembetatu yenye pembemraba ambayo pande zake fupi ni 1 na 1. Upande mrefu ni kipeuo cha 2. Juu ya upande huo mrefu, kwenye ncha yake ya nje, simamisha mstari mwingine wa urefu wa 1 kwa pembemraba na uunganishe na ncha ile nyingine, ambayo ndiyo kitovu: upande mrefu mpya ni kipeuo cha 3. Rudia. Pembetatu ya tatu inatoa kipeuo cha 4, na rula lazima isome 2 kamili; ya nane inatoa 3, ya kumi na tano inatoa 4. Hizo ni stesheni za ukaguzi, na mwanafunzi aliyekosea pembe njiani atajulikana hapo. Pembetatu zinajipanga kuzunguka kitovu mfano wa gamba la konokono, na ya kumi na sita inatoa kipeuo cha 17. Ya kumi na saba ingepanda juu ya ile ya kwanza.

Mchoro huo ungefaa kuwa ukutani katika kila darasa la hisabati. Watoto wengi hukutana na kipeuo kama alama ya kutisha yenye mkia, wakalazimishwa kukubali kwamba kuna namba zisizoisha, na hawaonyeshwi kamwe kwamba namba hizo zina urefu unaoshikika. Bikari ipo kwenye mkebe wao tayari.

Mfaransa René Descartes ndiye aliyeuvusha mchoro wa nusuduara kutoka jiometri ya kale hadi hisabati ya leo. Mwaka 1637, mjini Leiden, Uholanzi, alichapisha kitabu chake cha jiometri kama kiambatisho cha kazi kubwa ya falsafa. Katika kurasa za mwanzo kabisa anachukua mstari wowote na kuutangaza kuwa moja. Kwa uamuzi huo mdogo mambo mengi yanabadilika. Kwa Wagiriki, mstari ukizidishwa kwa mstari ulitoa eneo, na eneo si mstari. Kwa Descartes, palipo na kipimo cha moja, mstari mara mstari hutoa mstari, na kipeuo cha mstari ni mstari. Anakipata kwa kuongeza kipande cha moja na kuchora nusuduara, kama ilivyofanyika kwa 7 na 1. Tangu hapo mlinganyo ungeweza kuchorwa, na mchoro ungeweza kuandikwa kwa mlinganyo.

Kipeuo cha nne hakina taabu: chora kipeuo cha pili, kisha chukua kimo chake na ukichoree kipeuo cha pili tena. Cha nane ni mchoro mmoja zaidi. Kigingi kiko kwenye kipeuo cha tatu.

Wagiriki walikisimulia kwa kisa cha kisiwa cha Delos. Tauni ilipoingia, wakazi waliambiwa na mtabiri wa mungu Apollo waongeze ukubwa wa madhabahu yake, yenye umbo la mchemraba, iwe mara mbili. Kuongeza kila upande mara mbili hakufai, maana ujazo unakuwa mara nane. Upande unatakiwa kuzidishwa kwa kipeuo cha tatu cha 2, na nusuduara hutoa kimo kimoja cha kati baina ya urefu mbili, ilhali hapa vinahitajika viwili vinavyofuatana kwa uwiano mmoja. Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene kama Theodorus, alitengeneza chombo cha vibao vinavyoteleza kwa ajili ya kazi hiyo na kukitoa kwa mfalme Ptolemy wa Tatu wa Misri. Kilifanya kazi, lakini hakikuwa rula na bikari.

Ilichukua miaka zaidi ya elfu mbili kujua kwamba waliotafuta kwa rula na bikari walitafuta kisichokuwepo. Mwaka 1837, karne mbili kamili baada ya kitabu cha Descartes, Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba zana hizo mbili haziwezi kutoa urefu wowote isipokuwa ule unaopatikana kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kuchukua kipeuo cha pili, kurudia rudia. Kipeuo cha tatu cha 2 hakimo humo.

Karatasi inayokunjwa, hata hivyo, inakiweza. Mwanahisabati wa Italia, Margherita Beloch, alionyesha mwaka 1936 kwamba mkunjo mmoja unaopeleka nukta mbili kwenye mistari miwili kwa wakati mmoja unatatua milinganyo ya daraja la tatu, jambo ambalo bikari haiwezi. Nusu karne baadaye, mwaka 1986, Peter Messer alitoa njia fupi kabisa. Karatasi ya mraba inakunjwa katika kanda tatu zilizo sawa. Kisha kona moja ya chini inapelekwa kwenye ukingo wa upande wa pili, ikisogezwa juu na chini taratibu mpaka ncha ya mkunjo ulio juu kidogo ya kona hiyo, iliyoko ukingoni mwa karatasi, ikalie mkunjo ule mwingine. Hapo inabanwa. Kona imeugawa ukingo vipande viwili, na kirefu kikigawanywa kwa kifupi kinatoa 1.26, kipeuo cha tatu cha 2 ambacho watu wa Delos walikihitaji.